Alama Tisa za Mjomba

Mwaka juzi walikuja Tanga wataalamu wawili, mwanamke na mwanamume, wote wa umri wa wanangu, wamebeba miwani mikubwa nyeusi inayofunika nusu ya uso. Mgonjwa aliyekatwa mkono akiivaa, anauona mkono wake uko pale pale ulipokuwa. Anaufunga, anaufungua, na maumivu yanapungua. Walitaka watu wa kuijaribu, na walitaka mtu mzoefu awasaidie kuwauliza wagonjwa wameionaje. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu uuguzi. Nikawaambia kwamba kabla hawajamuuliza mtu swali hata moja, wakae niwasimulie habari za mjomba wangu. Wakakaa. Nilipomaliza, yule mwanamke akaniomba niiandike.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama. Alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, katika shamba moja nje ya mji. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni inakatwa vipande majirani wagawane, na mashine zinafanya kazi bila vipuri. Kinga ya chuma ya mbele ya mashine ilikuwa imekatika. Nyingine iliagizwa, haikuja, na kazi haikusimama. Asubuhi moja jani lilinasa kwenye shati lake, na mashine ikauchukua mkono wa kulia mpaka karibu na kiwiko. Nilikuwa msichana wa darasa la tano. Alipotoka hospitali akaja kukaa kwetu Chumbageni, kwenye chumba cha uani, kwa sababu hakuwa na mke wala mahali pengine.

Kidonda kilipona vizuri. Kilichokuwa hakiponi ni mkono wenyewe, ule ambao haukuwepo. Alituambia kwamba anausikia, umekunjwa ngumi, kidole gumba kimefungiwa ndani, na kucha zinachoma kiganja. Mama alidhani ni mambo ya mashetani. Akampeleka kwa mwalimu wa chuo, akaandikiwa kombe, aya zinazoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, akanywa, lakini mkono ukabaki vile vile. Hospitali walimpa aspirini, zilipokuwepo, nazo hazikusaidia. Ikawa kila jioni nikitoka shule ananiita, ananionyesha mahali juu ya mkeka ambapo mkono wake ungekuwa umelala, na mimi nakanda pale. Nakanda hewa. Ananiambia nijaribu kukinyanyua kile kidole gumba, nami najaribu. Siku nyingine alisema afadhali. Siku nyingi aligeukia ukutani.

Tuliishi hivyo miaka minane. Katika miaka hiyo mambo ya nje yakabadilika, ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa, maduka yakaanza kujaa tena, khanga zikapatikana bila kujuana na mtu. Mimi nikamaliza kidato cha nne, nikasomea uuguzi msaidizi, nikapata kazi kwenye kliniki ndogo ya mazoezi ya viungo, ndani ya nyumba ya zamani kule Raskazone. Mkuu wetu alikuwa mwanamke wa Tanga hapa hapa, wa ukoo wa Waislamu wenye asili ya Kihindi. Baba yake alikuwa na duka la misumari, rangi na vioo mjini. Yeye alikuwa amesoma nje, akarudi nyumbani wakati wenzake wengi walikuwa wanaondoka. Wagonjwa walimwita Dada, nami pia.

Siku moja nikamweleza habari za mjomba. Nilitegemea angecheka, maana hata nyumbani kwetu wageni walicheka. Dada akaacha alichokuwa anafanya. Akaniambia kwamba huko alikosoma kulikuwa na watu wameanza kujaribu dawa ya maumivu ya namna hiyo, na dawa yenyewe ni kioo. Unakisimamisha kati ya mikono miwili. Kigutu kinakaa nyuma ya kioo, kisionekane. Mkono mzima unakaa mbele, na mgonjwa akitazama ndani ya kioo anaona mikono miwili. Akili inadanganyika, lakini inadanganyika kwa faida.

Baba yake akatupa kipande cha kioo kilichobaki stoo tangu miaka ya shida. Seremala akatengeneza boksi la mbao. Jumatatu iliyofuata nikampakia mjomba nyuma ya baiskeli yangu, akashika kiti kwa mkono wake mmoja, tukaenda Raskazone.

Sitaisahau siku ile. Dada alimwamkia, akamweka mezani, akamwomba akunje ngumi ya kushoto, kisha aifungue taratibu huku anatazama kioo tu. Mjomba akatazama. Akakunja, akafungua. Akarudia. Mara uso wake ukalegea.

"Kimetoka," akasema.

"Nini kimetoka, mzee?" Dada akamuuliza.

"Kidole gumba. Kimetoka ndani."

Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, maana mkono wa kufutia ulikuwa kazini. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye veranda mpaka nikatulia. Tulipofika nyumbani ngumi ilikuwa imejifunga tena, lakini kwa miaka minane haikuwahi kufunguka hata dakika moja. Dada akapanga aje mara tatu kwa wiki, dakika ishirini kila mara, na wagonjwa wengine wanne waliokatwa viungo nao wakaanza.

Sasa, shirika lililokuwa linasaidia kliniki lilitaka kujua kama kioo kinafaa. Hawakutaka kujua habari za maumivu peke yake. Walitaka kujua mgonjwa mwenyewe anajisikiaje akikitumia: anauona ule mkono kama wake, anachoka, anapata kizunguzungu, angependa kuendelea. Dada akaandika maswali, mimi nikamsaidia kuyaweka katika Kiswahili cha kueleweka. Kila swali lilijibiwa kwa namba, kuanzia sifuri mpaka kumi. Kazi ya kuuliza na kuandika ilikuwa yangu. Nilinunua penseli mpya kwa ajili hiyo, nilijiona mtu mkubwa.

Mjomba alijibu bila kusita. Maumivu yamepungua kiasi gani? Tisa. Unauona mkono kama wako? Tisa. Umekaa vizuri? Tisa. Unapata kizunguzungu au kichefuchefu? Tisa. Ungependa kuendelea? Tisa.

Hapo kwenye kizunguzungu nikasita. Tisa kwenye swali lile maana yake ni mbaya sana, wakati majibu mengine yote ni mazuri. Nikamwangalia, alikuwa ametulia, anatabasamu. Nikaona mzee wa watu hakuelewa, kwake tisa ni neno la kusema vizuri. Nikafuta ile tisa, nikaandika moja. Wiki ya pili akajibu vile vile, nikarekebisha vile vile. Wiki ya tatu sikusumbuka tena kumuuliza swali lile, niliandika moja moja kwa moja.

Wale wengine wanne nao walijibu nane na tisa, na sifuri kwenye kizunguzungu. Dada alifurahi sana. Ripoti ikaanza kuandikwa, akawa anaipiga taipu mwenyewe mchana wagonjwa wakiisha. Nyumbani nako niliona dalili njema. Mjomba alikuwa ameacha kuniita nimkande. Nikajua mkono umepona.

Mama ndiye aliyenitoa gizani. Ilikuwa Jumatano, siku ya kliniki. Tumerudi, mjomba ameingia chumbani kwake, mimi nimekaa jikoni nakuna nazi ya chakula cha jioni. Mama alikuwa amepika bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, chakula ambacho mjomba angeweza kukifuata mpaka Pangani kwa miguu. Nikamuuliza mbona hampelekei. Mama akasema hatakula. Siku za kliniki huwa hali chakula mpaka kesho yake. Anarudi kichwa kinamzunguka, anatapika nyuma ya bafu, yeye mama anamchemshia tangawizi. Mjomba alidai ni baiskeli inamtikisa. Na alimwapisha mama asiniambie.

Nikaacha kukuna nazi. Nilikumbuka ile tisa niliyoifuta.

Sikumwendea siku ile ile, sikuweza. Kesho yake alasiri, baada ya sala, nikamkuta amekaa kwenye kibaraza cha uani, kigutu amekibana kwapani kama alivyokuwa akifanya zamani maumivu yakizidi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia mama ameniambia. Hakukasirika. Aliangalia pembeni kama mtu aliyekutwa anakula mchana wa Ramadhani.

Nikamuuliza kwa nini ananijibu tisa kila siku, na hali yake ni hii.

"Mwanangu," akasema, "zile si alama zako?"

Sikuelewa. Akanieleza pole pole, kama anayemweleza mtoto. Kila siku naketi mbele yake na karatasi na penseli, mkuu wangu yuko nyuma yangu na wagonjwa wengine, naye anaombwa atoe namba mpaka kumi. Yeye hakusoma sana, lakini shule aliijua. Aliona wazi kwamba mkuu wangu anataka kujua kama nafanya kazi vizuri, na ndiyo maana wagonjwa wanaulizwa. Wenzake pia, kwenye benchi la kusubiri, walikuwa wanasema hivyo hivyo. Walikubaliana wasiniharibie kazi.

"Na kwa nini tisa?" nikamuuliza. "Kwa nini si kumi?"

"Mimi mjomba wako. Ningetoa kumi wangesema napendelea."

Nilitaka kucheka na kulia, nikashindwa yote mawili. Nikamwomba aniambie ukweli wote, karatasi sina, penseli sina. Akaniambia. Siku ya kwanza kilikuwa kitu cha ajabu, alimshukuru Mungu. Lakini kuanzia siku ya pili akaanza kuutazama vizuri ule mkono wa kwenye kioo, na si wake. Mkono wake wa kushoto una kovu nyuma ya kiganja, alikatwa na panga ujanani. Mkono wa kulia haukuwahi kuwa na kovu. Kwa hiyo kila akitazama kioo aliona mkono wa mtu mwingine umeshonwa kwenye bega lake. Halafu kile kioo kina mawimbi, vidole vinavimba na kusinyaa vikipita mahali fulani. Na nyuma ya mkono ndani ya kioo anaona dirisha, na mti wa nje unayumba, akili yake inakwenda upande huu na macho upande ule. Dakika ya tano tumbo linaanza kupanda. Dakika kumi na tano zilizobaki ni kuvumilia. Na maumivu yamerudi yote. Aliacha kuniita nimkande kwa sababu mtu aliyetoa tisa hawezi jioni yake kuomba kukandwa.

Nilimwuliza kwa nini hakunieleza hata kidogo tu kuhusu ule mkono. Akasema angemwambia nani? Mtu mzima anasema mkono ulio kwenye kioo si wake, si watamrudisha kwenye kombe?

Usiku ule wazo lililonikaa kichwani ni moja, kwamba nitafukuzwa. Asubuhi nikafika kliniki mapema. Dada alikuwa ameweka karatasi za ripoti mezani, zimebanwa vizuri. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama: kutapika, alama, kovu. Nikamwambia na lile ambalo asingelijua bila mimi kusema, kwamba majibu ya kizunguzungu ya mjomba nimeyabadilisha kwa mkono wangu.

Akazitoa karatasi za mjomba kwenye faili, akaipeleka ya kwanza dirishani. Ile tisa ilikuwa inaonekana chini ya moja, penseli haikufutika vizuri. Nikaanza kutafuta mkoba wangu kwa macho.

"Ungeiacha ilivyo," akasema, "tungejua tangu siku ile."

Nikasema ndiyo, Dada.

Akaketi, akaniambia na mimi niketi. Akasema kosa langu ni hilo moja na nisilirudie maisha yangu yote, jibu la mgonjwa liandikwe kama alivyolisema hata kama linaonekana la kipuuzi. Lakini kosa kubwa ni lake. Aliuliza maswali ya darasani, yeye mwenyewe akiwa chumba hicho hicho, kwa mdomo wa binti ambaye wagonjwa wanampenda. Nani angemwambia binti huyo kwamba dawa yake inamtapisha? Kisha akaichukua ripoti, akaiweka chini kabisa ya droo.

Tukaanza upya, na safari hii mjomba ndiye aliyetufundisha. Dada alimwendea nyumbani Chumbageni, akamwamkia, akanywa chai ya mama, akamweleza kwamba namba zile hazikuwa alama za mtu yeyote, na kwamba akisema kioo ni kibaya atakuwa ametusaidia kuliko akisema ni kizuri. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza tena kama kazi yangu iko salama. Alipohakikishiwa, akaanza kukisema vibaya kioo kile mpaka ikabidi mama amwambie, kaka, inatosha.

Dirisha tulilifunga kwa pazia zito. Kioo cha mawimbi tulikitoa, baba yake Dada akatuagizia kipya kutoka Mombasa. Kikaja na mzigo wa rangi, kikavuka mpaka wa Horohoro kimefungwa kwenye magunia, bila kujificha, kwa sababu sasa iliruhusiwa. Kilikuwa kimenyooka kama maji yaliyotulia kwenye beseni. Kovu lilitushinda mpaka mama akatia mkono wake. Alisaga liwa, mti wa kunukia ambao wanawake hujipaka, akachanganya na unga wa kahawa kidogo kidogo, akawa anajaribu rangi nyuma ya kiganja cha kaka yake mpaka kovu likapotea. Dakika zikawa tano badala ya ishirini, na mjomba akapewa ruhusa ya kusimamisha wakati wowote bila kutoa sababu.

Maswali nayo tuliyabadilisha. Ile karatasi ya namba Dada hakuitupa, lakini aliiweka nyuma. Mbele aliweka mambo ya kawaida, na mtu wa kuuliza akawa mwingine, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akifagia kliniki, ambaye hakuna aliyedhani anatafuta cheo. Alikuwa anawafuata wagonjwa majumbani kesho yake, si siku ile ile. Umekula ulipofika? Ulilala mchana? Kuna kitu ulikuwa unakifanya ukakiacha? Ulimwambia nini mkeo, au dada yako? Majibu aliyoleta wiki ya kwanza yalitutia aibu. Wagonjwa watatu kati ya wengine wanne nao walikuwa wanarudi nyumbani wanaumwa vichwa, na mmoja alikuwa anafumba macho mbele ya kioo tangu siku ya pili.

Siku mjomba alipokaa mbele ya kioo kipya, mkono umepakwa liwa, Dada hakumuuliza kitu. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, karibu na mlango. Alikunja ngumi, akafungua. Akautazama ule mkono kwa makini, akaugeuza, akautazama nyuma.

"Huu naujua," akasema.

Dakika tano zikaisha, akasimama mwenyewe. Tulipofika nyumbani, akamwomba mama chakula. Akala, akaomba tena. Kisha akaenda kulala, akalala mpaka adhana ya alasiri, na mama alipokwenda kumchungulia akamkuta amelala chali, kigutu kimelegea pembeni yake juu ya godoro. Mama alirudi jikoni akakaa kwenye kibao cha mbuzi bila kukuna chochote. Akasema tu, "Amelala." Tulikaa pale wawili tukimsikiliza anavyokoroma, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba mkoromo wa mtu ungeweza kunifurahisha vile.

Haikuwa kupona kwa siku moja. Kuna siku ngumi ilirudi, kuna siku alitaka kuacha. Lakini siku hizo alisema, tukaziandika kama alivyosema. Baada ya miezi minne ule mkono, kwa maelezo yake, ulikuwa umefunguka na kulala, vidole vimenyooka, na siku nyingine hakuukumbuka kabisa mpaka mtu amuulize. Ripoti mpya Dada aliiandika kwa kurasa nyingi kuliko ile ya kwanza, na ndani yake aliweka wazi kwamba majibu ya mwanzo hayakuwa ya kweli na kwa nini. Alidhani msaada ungekatwa. Badala yake wale wa shirika waliandika barua kuomba maswali yetu, yale ya kula na kulala, wayatumie kwingine.

Mwaka uliofuata mjomba alirudi upande wa kwao, Mtang'ata, kwenye shamba la minazi la baba yao lililokuwa limeachwa. Sote tulishangaa, na tulishangaa zaidi aliposema anaoa. Alimwoa mjane mmoja mwenye maneno mengi na mkono mzuri wa kupika. Nilikwenda kuwaona mara nyingi. Msimu wa masika, hewa ikipoa, ngumi ilijaribu kujikunja, na mkewe alikuwa na kioo chake kidogo cha ukutani, anakishusha, anakiegemeza kwenye mto, na anakaa naye pale akimpigia hadithi za majirani mpaka vidole vifunguke. Mara ya mwisho nilipowatembelea walikuwa wanabishana kama kuku auzwe au achinjwe. Nikapewa mguu wa kuku yule, nikala, nikarudi mjini jioni na magunia mawili ya nazi nyuma ya baiskeli.